Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza: Vijana, Jihadharini na Mlango Unaoajiri Kila Mwezi

Ziko nyumba za kazi katika nchi yetu ambazo tangazo lake la kutafuta watu halibanduki ukutani. Mwezi wa kwanza wanatakiwa vijana ishirini, wachangamfu, wenye nidhamu. Mwezi wa tatu wanatakiwa ishirini wengine. Mwezi wa sita tangazo ni lile lile, ila karatasi ni mpya. Zamani lilibandikwa kwenye nguzo ya taa na mlangoni pa duka. Siku hizi linapita pia katika simu, kutoka kiganja hata kiganja, na kijana aliyemaliza shule miaka miwili iliyopita akiliona moyo wake unaruka kwa furaha.

Sisi hatutaki kuizima furaha hiyo. Twataka kuuliza swali moja tu ambalo kila kijana yampasa aliulize kabla hajapiga pasi shati lake la usaili: wale ishirini wa mwezi wa kwanza wamekwenda wapi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi iliyo njema haihitaji kupigiwa mbiu kila wiki. Aliye ndani hatoki, na akitoka kwa uzee au kwa kuhama, nafasi yake hushikwa na ndugu, jirani au rafiki aliyesikia sifa zake. Kweli, kiwanda kinachokua huajiri watu wengi, nasi twakishangilia. Lakini kiwanda kinachokua utakijua: mashine zimeongezeka, banda jipya limejengwa, na wafanyakazi wa zamani bado wapo, wanawafundisha wageni. Penye watu wapya tupu, asiyepatikana hata mmoja mwenye miaka mitatu ila mwenye mali na shemeji yake, hapo hapakui. Hapo panakula watu.

Na tuseme wazi kilicho nyuma ya mlango huo, maana wengi wameingia na kutoka, nao wanayajua haya kuliko sisi.

Kijana anafika siku ya kwanza. Haonyeshwi mkataba, anaambiwa, "Anza kwanza, karatasi zitakuja." Karatasi haziji. Anaulizwa vyeti vyake halisi vya shule, vinafungiwa katika kabati ya meneja "kwa usalama". Mshahara uliotajwa siku ya usaili unakuwa mwingine siku ya malipo: pamekatwa sare, pamekatwa dakika kumi za kuchelewa, imekatwa glasi iliyovunjwa na mtu asiyejulikana, nayo ikalipwa na watu wanane. Meneja wa asubuhi anaagiza hivi, meneja wa mchana anaagiza vile, na jioni anakuja mwenye mali mwenyewe anawatukana wote kwa kuwa hawakufanya lile ambalo hakuna aliyeliagiza. Anayeuliza anaitwa mjeuri. Asiyeuliza anaitwa mjinga. Anayepeleka maneno ya wenzake kwa mkubwa ndiye anayepandishwa cheo. Dada mwenye mtoto mchanga anaangaliwa kama mwizi wa muda, na dada asiyemkubali msimamizi anabadilishiwa zamu mpaka achoke mwenyewe. Tarehe ya mshahara inatembea kama mgonjwa: leo ishirini na nane, mwezi ujao tarehe tano, mwezi wa tatu haijulikani.

Watu wa namna hii wanajiita viongozi wa kazi. Sisi twasema hao ni wanyapara. Tofauti ya kiongozi na mnyapara ni hii: kiongozi anaijua kazi na anamfundisha mtu, mnyapara haijui kazi bali anajua kumwogopesha mtu. Na mahali penye mnyapara, woga ndio mashine inayoendesha kila kitu, mpaka siku woga ukiisha na mashine ikasimama.

Haya si mageni katika nchi hii. Yatupasa kukumbuka tulikotoka ili tujue tunachokiona.

Wazee wetu walikwenda kukata mkonge. Wengi walitolewa mbali, Njombe, Songea, Kigoma, wakapelekwa mashamba ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walifungua ofisi yao ya kukusanya watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, yenye mawakala, magari na makambi ya njiani. Wakala hakusema habari za miiba ya mkonge wala homa. Alisema habari za fedha. Mtu akikubali alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa, hata jina lao likawa manamba. Mpaka leo, mtu akitaka kusema kwamba fulani anafanyishwa kazi asiyokuwa na sauti ndani yake, husema amekuwa manamba.

Kulikuwa na kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye nafasi za siku thelathini. Ukiimaliza kazi ya siku uliyopimiwa, kipande kinatiwa alama. Usipoimaliza, hakuna alama, hata kama jua limekuchoma kutwa. Mpaka alama thelathini zijae ndipo mshahara ulipwe. Na aliyetoroka hakuwa amevunja mapatano tu. Kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923, mtumishi Mwafrika aliyeiacha kazi kabla ya muda wake aliweza kutiwa hatiani kama mhalifu. Tazameni ujanja huo: mabwana walijua kwamba kazi ilikuwa mbaya kiasi cha mtu kuikimbia, na dawa waliyoitunga haikuwa kuitengeneza kazi bali kumfunga mkimbiaji.

Je, watu wale walikaa kimya? La hasha. Kabla hawajawa na chama, kabla hawajapata wakili wala mbunge, mfanyakazi wa Afrika alikuwa na silaha moja, nayo ni habari. Mwanahistoria Charles van Onselen, katika kitabu chake Chibaro kilichotoka mwaka 1976, ameandika habari za machimbo ya Southern Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Anaeleza kwamba wafanyakazi waliyapa machimbo majina yao wenyewe, na majina hayo yalikuwa onyo: mtu akiwa njiani anatafuta kazi, akilisikia jina tu alijua kwamba pale bwana ni mkali, au pale chakula ni kibaya, akapita mbele. Matajiri walikuwa na ramani yao, na watembea kwa miguu walikuwa na yao. Na kwa sababu ya ramani hiyo ya midomo, machimbo mabaya yalipata taabu ya kupata watu wa hiari.

Ndugu zetu, lisikieni jambo hilo vizuri. Watu wasiojua kusoma, waliotembea mamia ya maili, walipeana habari za waajiri kuliko sisi tuliosoma, tulio na simu mfukoni. Sisi leo mtu anateswa mahali miezi minne, anatoka kimya kimya, anaona haya kusema, na Jumatatu inayofuata mtoto wa jirani yake anaingia katika mlango ule ule. Hiyo ni aibu gani? Aibu si ya aliyeteswa. Mficha uchi hazai, na mficha maovu ya kazini anawazalia wenzake maovu yale yale.

Umoja ndio uliofuata habari. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi, na mgomo ukapanda pamoja na njia ya reli kuelekea bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho moja la Tanganyika, TFL, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa. Watu waliofundishana kusema "bwana huyu ni mbaya" ndio walioweza kufundishana kusema "serikali hii si yetu". Nani basi anatuambia kwamba habari za kazini ni mambo madogo yasiyofaa gazeti la chama?

Halafu Uhuru ukaja, mwaka 1961. Wapo waliodhani kwamba ubaya wa kazini ulikuwa na rangi moja, na kwamba ukiondoka uso ule ubaya nao utapanda meli. Haikuwa hivyo. Mwaka 1964 ikatungwa sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe kwa matakwa ya bwana tu, na kamati za wafanyakazi zikawekwa mahali pa kazi. Miaka ikapita, mashirika yakawa ya umma, na katika viti vya wale mabwana wakakaa ndugu zetu. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Katika Mwongozo huo chama kilimwonya kiongozi asiwe na majivuno, asiwe na dharau, asiwaonee watu. Chama kisingeandika maneno hayo kama hapakuwa na viongozi wenye majivuno.

Na wafanyakazi wakayasoma. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda vingi vya Dar es Salaam viliona watu wakiweka zana chini, na pengine wakimfungia meneja nje ya lango. Mengi ya magomvi hayo hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya matusi, ya upendeleo, ya uendeshaji mbovu wa kiwanda, ya meneja anayesema na watu wazima kama anasema na mbwa. Mtu atavumilia mshahara mdogo akijua kwamba fedha hazipo na mkubwa wake naye anabana. Hatavumilia mshahara mdogo pamoja na dharau. Hilo wafanyakazi wetu walilisema zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na wako mameneja mpaka leo hawajalisikia.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu, maana tunajua watakalosema.

Wa kwanza atasema: "Shukuruni, kazi zenyewe hakuna. Mwenye njaa hachagui." Huyu anadhani ametushinda. Sisi twamwuliza: ni nani aliyekuwa na njaa kuliko manamba? Na je, njaa yake ilimfanya bwana wa mkonge kuwa mwema? Njaa ya mtafuta kazi haimpunguzii mwajiri wajibu wake hata chembe. Inamwongezea, maana mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kujizuia. Tena, kijana anayeingia mahali pabovu haishi njaa. Anafanya kazi miezi mitatu, analipwa miwili, anatoka na deni la nauli na chakula, amekosa kazi nyingine aliyoweza kuipata, na afya ya moyo wake imeharibika. Hiyo si kushiba. Huko ni kulishwa makapi na kulipishwa bei ya unga.

Wa pili atasema: "Mnawatisha wenye mitaji. Watakimbia, nchi ikose viwanda." Ndugu, mwenye mtaji mwaminifu hatishwi na mkataba ulioandikwa. Anayetishwa ni yule ambaye faida yake yote imo katika kutokuuandika. Huyo akiondoka nchi haikupoteza kiwanda, imepoteza kupe. Na hata kwa hesabu ya biashara tupu, uendeshaji wa namna hii ni hasara. Kila anayetoka anaondoka na ufundi alioupata. Kila anayeingia anaharibu kitu akijifunza. Mtu aliyetukanwa asubuhi hatakwambia mchana kwamba mashine inatoa moshi, ataitazama ikiungua. Mwenye mali anadhani amebana matumizi kwa kuwalipa watu kidogo, kumbe anazimwaga fedha kwa mlango wa nyuma, kisha anawaita watu wezi.

Wa tatu atasema: "Vijana wa siku hizi wavivu." Maneno haya ni mazee kuliko yeye. Ndiyo yaliyosemwa na wenye mashamba wakati wa ukoloni, kila walipokosa watu wa kukata mkonge kwa ujira walioutaka wao. Mvivu yupo, hatukatai, katika kila kizazi na kila cheo. Lakini kama kijana yule yule, aliyekuwa mvivu kwako, amekwenda kwa jirani yako na sasa ni fundi anayetegemewa, basi uvivu haukuwa wa kijana.

Kwa hiyo tunawaambia vijana: kuuliza si ujinga. Kabla hamjaingia, ulizeni haya.

Simama nje ya lango saa ya kutoka kazini, uwaulize wanaotoka, si wanaokukaribisha. Muulize mmoja amekaa muda gani, na kwa nini aliyetangulia aliondoka. Mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi? Mtu akiugua inakuwaje? Angalia pia uso wake anapomtaja mkubwa wake, maana uso hujibu kabla ya mdomo.

Ukiombwa fedha ili upate kazi, ondoka. Kazi ya haki hainunuliwi. Ukiombwa kuacha vyeti vyako halisi, toa nakala, na vyeti rudi navyo nyumbani.

Ulizia maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi habari za kazi yako: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Na shauri likifika mbele ya sheria, mwajiri aliyeshindwa kuyatoa maandishi hayo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, si wewe. Anayesema "sisi hapa ni familia, hatuandikiani" mwulize kwa upole kama benki nayo ni familia yake.

Jua saa zako. Sheria hiyo imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Jua likizo yako: siku 28 kwa mwaka. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na akirudi, ana haki ya kupewa muda wa kumnyonyesha mtoto, mpaka saa mbili kwa siku. Hayo si zawadi ya bosi, wala asishukuriwe kwa hayo kama aliyetoa sadaka.

Jua makato yako. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara atakavyo. Akidai umeharibu mali, lazima kwanza akupe nafasi ya kujieleza. Kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasipite robo ya ujira wako. Ile glasi moja iliyolipwa na watu wanane, tuseme wazi, ni wizi uliofanywa mchana na kuandikwa daftarini.

Nenda ofisi ya NSSF ukaulize michango yako. Usingoje mpaka siku ya kutoka. Wako waajiri wanaokata fungu la mfanyakazi kila mwezi, wakalila. Mtu wa namna hii amekuibia mara mbili, leo na uzeeni. Na kama unakatwa fedha kwa ajili ya fidia ya kuumia kazini, jua umedanganywa, maana mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake.

Jihadhari na mwezi wa tano. Sheria ya kuzuia kuachishwa kazi isivyo haki haimlindi aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Wapo wajanja wanaolijua fungu hilo kuliko wanavyoijua biashara yao. Ukisikia kwamba mahali fulani watu huondolewa wakikaribia nusu mwaka, kisha tangazo linabandikwa upya, umeshapata jibu la swali letu la mwanzo: wale ishirini wa mwezi wa kwanza wamekwenda wapi.

Na wewe ambaye umeshaingia na huwezi kutoka leo wala kesho, kwa sababu watoto wanataka kula, sisi hatukuhukumu. Hatuandiki kutoka mnara wa mbali. Twakwambia: fanya kazi yako vizuri, wasipate sababu. Weka daftari. Andika siku ulizofanya kazi, saa za ziada, makato, na maneno uliyoambiwa, pamoja na tarehe. Tafuta wenzako wawili watatu wenye kuaminika, kisha ingieni chama cha wafanyakazi, maana fimbo moja huvunjika na mzigo wa fimbo hauvunjiki. Ukiachishwa bila haki, usikae miezi ukilia nyumbani: una siku 30 tu za kupeleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na jambo moja wengi hawalijui: mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata ukalazimika kuiacha mwenyewe, sheria yaweza kumhesabu yeye kuwa ndiye aliyekuachisha. Kwa hiyo anayekutesa ili uandike barua ya kujiuzulu hajajificha kama anavyodhani.

Sasa twarudi kwenye wajibu mkubwa kuliko yote, nao ni wa wale waliokwisha toka. Semeni! Wenye kampuni watasema mnachafua jina lao. Jina la kampuni halichafuliwi na anayesimulia, linachafuliwa na anayetenda. Lakini semeni kwa haki. Sema ulichokiona kwa macho yako, si ulichoota kwa hasira. Sema "mshahara wangu wa mwezi wa nne ulicheleweshwa siku kumi na mbili", usiseme "wale wote ni mashetani". Usimtukane mke wa mtu wala kabila la mtu wala dini ya mtu, maana ubaya wa kazi hauna kabila. Na kama pana jema, litaje: kama fundi mkuu alikuwa mwungwana, sema. Ushahidi wa haki ndio unaoaminika, na ukweli uliosemwa kwa utaratibu unamwogopesha mnyapara kuliko matusi mia.

Yatubakia neno moja kwa wenyewe tulio chamani, na hili hatulisemi kwa furaha. Baadhi ya nyumba hizi za kazi zina wenyewe, na wenyewe si wageni. Ni watu wenye kadi kama zetu. Jukwaani wanatamka ndugu, na katika ghala zao hakuna ndugu, kuna "wewe" na "nyie". Wanahutubia utu siku ya Mei Mosi, na tarehe pili Mei wanawakata watu mshahara kwa sababu walikwenda kusikiliza hotuba. Kwao twasema: mzee wako alikuwa na namba shambani mwa mkonge, nawe leo unawapa watoto wa wenzake namba. Uhuru haukupiganiwa ili kiti cha mnyapara kipate mkaaji mpya.

Maofisa kazi nao wasingoje kuletewa malalamiko mezani. Mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hawezi kuja mchana ofisini kwenu. Nyinyi nendeni kwake. Ingieni katika magodauni, katika mahoteli, katika kampuni za ulinzi, mkaulize mikataba iko wapi. Palipo na tangazo lisilobanduka, anzieni hapo. Mtakuwa mmeokoa muda wenu na wetu.

Sisi hatusemi kazi ni mbaya. Taifa hujengwa kwa jasho, na mtu asiyetaka kutoa jasho hatuna neno la kumtetea. Lakini jasho si damu, na nidhamu si woga. Kijana wa nchi hii akienda kutafuta kazi haendi kuomba. Anakwenda na mikono, akili na miaka yake iliyo bora, navyo vina thamani. Aliye tayari kuviheshimu atapata mtu wa kumwamini. Asiyeviheshimu, na aendelee kubandika karatasi zake ukutani, zipigwe na jua na mvua, na vijana wapite mbele yake wakiambiana: huko usiingie, ndugu yangu alipita huko.

Uhuru na Kazi. Na kazi yenyewe iwe ya watu huru.